Kumtambua Slothi wa Ardhini kwa Fuvu Lake: Hesabu Vishimo Kabla ya Kutaja Jina

Taya lilikuwa jeusi kama mkaa, limevunjika kwa mbele, na halikuwa na jino hata moja. Lilikuwa kwenye trei katika chumba cha kuchambulia mifupa, huko Florida, ambako nilikuwa nikijitolea siku za Jumamosi. Nililinyanyua, nikalipima uzito kwa mkono, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: "Megalonyx." Wiki nzima nilikuwa nimesoma habari za Megalonyx, mmoja wa slothi wakubwa wa kale, kwa hiyo kila mfupa niliouona siku ile ulikuwa Megalonyx. Mama mkubwa wa chumba kile, aliyechambua mifupa kabla sijazaliwa, hakubishana nami. Aliuliza tu, "Umehesabu vishimo vya meno?"

Sikuwa nimehesabu. Mwongozo huu unafuata utaratibu alionifundisha mchana ule, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa kukosea. Taya lile tutalirudia.

Kwanza, tuelewane tunamzungumzia nani. Slothi wa leo ni mnyama wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, mdogo, mwenye manyoya marefu, anayeishi akining'inia matawini kichwa chini na kufanya kila jambo polepole. Zimebaki jenasi mbili tu: Bradypus mwenye vidole vitatu mkononi na Choloepus mwenye viwili. Zamani jamaa zao walitembea ardhini. Wengine walikuwa na ukubwa wa dubu, na Megatherium wa nyanda za Argentina anakadiriwa kufika tani 4. Bara waliisha mwishoni mwa enzi ya barafu, miaka 10,000 na zaidi iliyopita, ila katika visiwa vya Karibi walidumu hadi miaka 4,400 hivi iliyopita. Afrika hawakufika kamwe. Ukiokota fuvu la ajabu Olduvai au kando ya Ziwa Turkana, umepata kitu kingine, pengine cha thamani zaidi, lakini si slothi.

Kwa nini fuvu?

Kwa sababu mifupa mingine hudanganya. Mwaka 1797 Thomas Jefferson aliwasilisha mbele ya wasomi wa Philadelphia mifupa iliyotoka pangoni Virginia, ikiwemo makucha makubwa ya kutisha. Akamwita mnyama huyo Megalonyx, yaani kucha kubwa, na aliamini ni simba mkubwa mno. Hakuwa na fuvu. Upande wa pili wa bahari, Georges Cuvier, mtaalamu wa mifupa huko Ufaransa, hakuwa hata na mifupa. Alikuwa na michoro tu, iliyochorwa na Juan Bautista Bru huko Madrid kutoka kwenye kiunzi kilichochimbwa karibu na Luján, Argentina, mwaka 1787. Lakini michoro ilikuwa na kichwa na meno. Cuvier akakilinganisha kichwa kile na mafuvu ya slothi wa kawaida, na mwaka 1796 akatangaza kwamba jitu lile, Megatherium, ni jamaa yao. Jefferson aliisoma habari hiyo siku chache tu kabla ya kuwasilisha andiko lake, akalazimika kuongeza maelezo mwishoni. Baadaye Caspar Wistar, daktari wa Philadelphia, alieleza vizuri kwamba hata mwenye kucha yule alikuwa slothi.

Kabla hujagusa

Uliza ruhusa. Brazili sheria ya 1942 inasema visukuku ni mali ya taifa. Argentina wana sheria yao, namba 25.743 ya mwaka 2003. Huko Florida, mtu anayetafuta mifupa ya kale kwenye ardhi au mito ya serikali anatakiwa kuwa na kibali.

Mfupa uliotoka majini usiuanike juani, utapasuka. Uache ukauke kivulini, taratibu, siku kadhaa. Na usikimbilie kuosha tope lililojaa kwenye vishimo vya meno. Mara nyingi kipande cha jino kimejificha humo, na kipande hicho chenye ukubwa wa ukucha kinaweza kukuambia zaidi ya fuvu zima. Piga picha kutoka juu, chini na pande zote, rula ikiwa kando. Ndipo uanze.

Hatua ya 1: Hakikisha ni slothi

Tazama jino, au kipande cha jino, kwa kioo cha kukuza. Farasi, mastodoni (jamaa wa kale wa tembo) na Toxodon (mla-majani mkubwa wa kale wa Amerika Kusini), ambao mifupa yao huokotwa sehemu zilezile, wana enameli: ganda gumu, linalong'aa, lenye ukingo mkali. Slothi hana enameli. Jino lake limejengwa kwa tabaka tatu zisizong'aa: katikati dentini laini yenye vijishipa, kuizunguka pete ya dentini ngumu, na nje koti la simenti. Kwa kuwa katikati ni laini na pete ni ngumu, chakula hukwangua katikati kwanza na kuacha ukingo umesimama. Kumbuka jambo hili, maana ndilo linalozaa maumbo yote tutakayoyaona huko mbele.

Sasa ligeuze jino. Halina mizizi. Chini liko wazi, na uwazi huo unaingia ndani kama koni, kwa sababu jino la slothi huota maisha yote kama ukucha. Tazama na sehemu ya mbele kabisa ya mdomo: hakuna meno ya kukatia, wala vishimo vyake.

Kuna jamaa mmoja wa kumhadhari, gliptodonti, yule mwenye gamba kama kuba. Naye hana enameli, na fuvu lake lina mfupa mrefu unaoshuka kutoka shavuni kama wa slothi. Watu wengi huteleza hapa. Lakini ana meno 8 kila upande wa kila taya, na kila jino lina umbo la nguzo tatu zilizoshikamana. Slothi hafikishi hesabu hiyo.

Hatua ya 2: Hesabu vishimo

Meno yakidondoka, vishimo hubaki. Hesabu upande mmoja, kisha upande wa pili ikiwa upo, na uandike kabla hujawaza jina lolote.

Slothi wengi wana 5 juu na 4 chini kila upande, jumla 18. Hiyo ndiyo hesabu ya Megatherium, Eremotherium, Megalonyx, Glossotherium, Lestodon na Scelidotherium, na hata ya slothi wa leo. Ukipata 4 juu na 3 chini, mwelekeo ni Nothrotheriops wa Amerika Kaskazini au Nothrotherium wa Brazili, ambao jino la mbele wamelipoteza juu na chini. Ukipata 4 juu na 4 chini, mfikirie Mylodon, aliyepoteza la juu tu.

Halafu kuna Paramylodon wa Amerika Kaskazini, ambaye hakubali kupangwa. Fuvu moja lina 5 juu, jingine lina 4, na wote ni spishi moja. Kwa hiyo kishimo cha mbele kikikosekana juu, usikimbilie kumwita Mylodon. Chunguza kwanza kama hapo mfupa umekuwa laini tangu mwanzo, au kishimo kilikuwapo kikajifunga, au mfupa umevunjika tu. Penye kuvunjika pana kingo kali na vitundu vidogo kama vya mkate. Mfupa mzima una ngozi nyororo.

Hatua ya 3: Tafuta pengo, na chonge la uongo

Baadhi ya slothi wana jino la mbele refu lililochongoka kama chonge, na nyuma yake pengo kabla ya magego kuanza. Naliita chonge la uongo kwa sababu linajisaliti kwa jambo moja. Mtazame mbwa akipiga miayo kisha akifunga mdomo: chonge la chini hupita mbele ya lile la juu. Kwa slothi ni kinyume, la juu ndilo linalokaa mbele na la chini hulisugua kwa nyuma. Ukipata chonge la juu peke yake, bila fuvu, tafuta uso uliosagika upande wa nyuma.

Pengo refu na chonge kubwa lenye mviringo wa yai, lililovimba kidogo upande wa ndani wa kinywa: hapo mwelekeo ni Megalonyx. Machonge makubwa yenye pembe tatu, yamesimama mbali mbali kwenye kona za mdomo mpana kama koleo: huyo ni Lestodon wa Amerika Kusini, ambaye mifupa yake imejaa pale Arroyo del Vizcaíno, Uruguay. Bila chonge wala pengo, meno yote yamepangwa bega kwa bega: Megatherium au Eremotherium. Na kule Kuba kuna kituko kinachoitwa Megalocnus, ambaye meno yake ya mbele yalisogea hadi katikati ya mdomo yakawa kama ya panya mkubwa. Ukimwona mara moja humsahau.

Hapa niongeze onyo. Choloepus wa leo ana chonge na pengo kama Megalonyx, na kwa miaka mingi wataalamu wengi waliwaweka familia moja. Mwaka 2019 zilitoka tafiti mbili, moja ya vinasaba vya kale na nyingine ya protini zilizobaki mifupani, na zote zikasema jambo moja: Choloepus yuko karibu zaidi na kina Mylodon, na Bradypus ndiye aliye upande wa Megalonyx na Megatherium. Kwa mchambuaji wa mifupa maana yake ni hii: chonge linakusaidia kutambua jenasi, lakini usilitumie kudai undugu.

Hatua ya 4: Umbo la jino likikatwa mlalo

Hapa kaa muda mrefu. Kama una dakika 10 tu za kulitazama fuvu, tumia 7 hapa. Tazama jino, au kishimo, kutoka juu kabisa, kana kwamba limekatwa kwa msumeno. Mimi huchora umbo lake kwa penseli kwenye karatasi, kwa sababu mkono ukichora, jicho hulazimika kuona.

Mraba wenye matuta mawili yanayokatiza jino kutoka shavuni kwenda ulimini, na bonde refu lenye umbo la V kati yake: Megatherium na Eremotherium. Tuta la jino la juu huingia kwenye bonde la jino la chini kama meno ya misumeno miwili iliyopachikana. Hakuna wa kumchanganya naye.

Mstatili wenye matuta mawili pia, lakini ubavuni pana mfereji unaoshuka toka juu hadi chini: kina Nothrotheriops. Mfereji huo unauhisi kwa ukucha hata kama jino limekwaruzika.

Yai au mraba uliolegea kona, wenye ukingo umeinuka mbele na nyuma, katikati pamebonyea kama bakuli: magego ya Megalonyx.

Maumbo yenye sehemu zilizojitokeza na kubanwa katikati, kama jani lenye mikono au nane iliyobanwa, juu yake pakiwa karibu tambarare: kina Mylodon kwa jumla, yaani Mylodon, Glossotherium, Paramylodon na Lestodon. Scelidotherium na ndugu zake ni wa upande huohuo, lakini meno yao yamebanwa na kulazwa kiupande, kama vitabu vilivyoinama kwenye rafu.

Ndani ya kundi hili la Mylodon kuna jino moja ninalolipenda kuliko yote: la mwisho la taya la chini. Ni refu kuliko wenzake, lina sehemu mbili, na kati yake kiuno chembamba. Ukilitazama kutoka juu ni ganda la karanga yenye punje mbili.

Turudi sasa kwenye taya langu jeusi. Mama mkubwa alinipa kijiti cha mbao na brashi laini, nikatoa tope kwenye vishimo kimoja kimoja. Vilikuwa vitatu vizima, na mbele kabisa, palipovunjika, ukingo uliopinda wa kishimo cha nne. Jambo la kwanza: ukingo ule ulikuwa karibu sana na kishimo kilichofuata, hata kidole changu kidogo hakikuweza kulala katikati. Megalonyx angekuwa na pengo hapo. Jambo la pili nililiona nilipofika kishimo cha nyuma. Tope lilitoka vipande viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na katikati kuta za mfupa zilikuwa zimesogeleana hadi karibu kugusana. Ganda la karanga. Nilinyamaza. Yeye naye alinyamaza, akaenda kuweka maji ya chai.

Hatua ya 5: Taya la chini lenyewe

Lilaze mezani ulitazame kwa ubavu. Kwa Megatherium ukingo wa chini, chini ya magego, umevimba kwenda chini kama tumbo. Si mapambo: meno yake yanayoota daima ni marefu mno na lazima yapate pa kukaa. Eremotherium naye ana uvimbe huo lakini haushuki sana, kwa kuwa meno yake ni mafupi zaidi. Kama una taya la chini pekee na unajiuliza ni yupi kati ya hawa wawili, hapo ndipo pa kutazama.

Kisha litazame kutoka juu, pale mataya mawili yanapoungana kidevuni. Lestodon na Glossotherium wana kidevu kipana kama sepetu, cha kuzoa majani mengi kwa mkupuo. Mylodon, Scelidotherium na Megatherium wana midomo myembamba, ya kuchagua. Pia, kwa slothi wengi, pale taya linapoanza kupanda kuelekea sikioni pana tundu linalofunguka nje, ambalo ni tawi la mfereji wa neva ya taya. Tundu hilo ni msaada mzuri unapokuwa na kipande cha nyuma tu, kisicho na kishimo hata kimoja.

Hatua ya 6: Pua, mdomo wa juu na shavu

Mifupa miwili ya mbele kabisa ya mdomo wa juu hushikiliwa kilegevu kwa slothi wengi, na hudondoka na kupotea kabla mchimbaji hajafika. Kwa hiyo pua iliyoishia ghafla si lazima iwe imevunjika. Kwa Megatherium hali ni tofauti: mifupa hiyo ni mirefu, ina umbo la pembe nne na imeungana kabisa na taya. Kwa Eremotherium ni myembamba na imeshikizwa tu. Hawa wawili wamechanganywa na watu wengi, na hapa ndipo wanapoachana waziwazi.

Mylodon ana alama yake peke yake: kutoka kwenye mifupa ya pua unateremka mhimili wa mfupa hadi ncha ya mdomo, ukigawa mlango wa pua kama nguzo ya katikati ya mlango wa msikiti wa zamani. Hakuna slothi mwingine wa kundi lake niliyewahi kumwona na nguzo kama hiyo. Huyu ndiye ambaye kipande cha ngozi yake, chenye manyoya na vijifupa vidogo vilivyopandwa ndani kama kokoto, kilipatikana mwaka 1895 katika pango la kusini mwa Chile, nacho kilikuwa kibichi kiasi kwamba baadhi ya watu walidhani mnyama bado yu hai.

Nothrotheriops ana fuvu refu, la chini, mithili ya bomba, lenye urefu wa sentimita 30 hivi. Megalonyx ana uso mfupi, mnene, ulioinuka. Glossotherium na Paramylodon wana mdomo mpana, na safu za meno zinapanuka kadiri zinavyokwenda mbele. Kwa Megatherium safu hizo zinakwenda sambamba, na kaakaa kati yake ni jembamba.

Mfupa wa shavu ni bapa na una matawi, moja likipanda na jingine likishuka. Kwa slothi wengi haukuungana na sehemu ya nyuma ya fuvu, kwa hiyo huokotwa peke yake, na asiyeujua huuweka kwenye sanduku la "mifupa isiyojulikana". Megatherium mzima ana upinde wa shavu uliofungwa.

Hatua ya 7: Kisogo, kwa tahadhari

Kisogo ni kigumu na hudumu, ndiyo maana mara nyingi ndicho pekee kilichobaki. Tazama chini yake, kando ya vifundo viwili vinavyokalia shingo: kila upande pana tundu la neva ya ulimi, na kwa slothi wakubwa ni pana hata kupitisha kidole. Karibu nalo, kwa kina Mylodon, kuna kishimo cha mviringo ambamo mfupa wa kushikilia ulimi ulikaa.

Kuhusu tundu hilo kuna kisa. Charles Darwin alipokuwa Uruguay alipata kipande cha nyuma cha fuvu, akakipeleka kwa Richard Owen, mtaalamu wa mifupa, London. Owen aliliona tundu la ulimi lilivyo kubwa, akampa mnyama jina la Glossotherium, mnyama wa ulimi, na akamdhania jamaa wa wanyama wala-sisimizi. Scelidotherium naye, ambaye Darwin alimpata karibu mzima kule Punta Alta, alimpa Owen taabu: kichwa chake kirefu alikiona kinakaribia kile cha muhanga wetu wa Afrika. Ni muhanga huyuhuyu anayechimba vichuguu Dodoma na Tsavo. Ukiliweka fuvu la muhanga kando ya la Scelidotherium, huwezi kumlaumu. Urefu na wembamba wa uso vinafanana kweli. Lakini meno hayafanani.

Miaka michache baadaye Owen mwenyewe aliyachanganya majina Mylodon na Glossotherium, na vurugu hiyo ilidumu zaidi ya karne moja. Ndiyo maana yule yule Paramylodon harlani utamkuta kwenye lebo za zamani akiitwa Mylodon harlani, na kwingine Glossotherium harlani. Ukipekua makabati ya makumbusho, usiamini jina la lebo kabla ya kutazama meno. Lebo imeandikwa na mtu, naye pengine alikuwa na haraka kama mimi.

Hatua ya 8: Umri na ukubwa, mwisho kabisa

Ukubwa ndio jambo la kwanza macho yanaloona na la mwisho unalopaswa kuliandika. Mtoto wa Eremotherium ana fuvu dogo kuliko la Paramylodon mzee. Kwa hiyo tafuta mishono ya fuvu kwanza: ikiwa bado wazi, ikionekana kama mistari ya zigizaga, huyo ni kijana. Meno ya watoto pia ni membamba juu na hupanuka kuelekea chini, wakati ya mnyama mzima yana upana uleule toka juu hadi chini.

Usishangae fuvu likiwa na bonde au uvimbe usioeleweka juu ya paji. Owen alipata fuvu la Glossotherium lililokuwa na mivunjiko miwili iliyopona mnyama akiwa hai, akahitimisha kwamba alikuwa ameangukiwa na miti. Mnyama alinusurika kwa sababu paji la kina Mylodon lina vyumba vipana vya hewa kati ya mfupa wa nje na ule wa ndani unaofunika ubongo. Ukiona fuvu limevunjika na ndani kuna mashimo kama sega la nyuki, usidhani limeliwa na wadudu.

Hatua ya 9: Umelipata wapi?

Mahali hakutoi jina, lakini huondoa majina. Megatherium ni wa Amerika Kusini. Ukimdhani Megatherium huko Florida, karibu hakika una Eremotherium, ambaye alienea kutoka Brazili hadi mashariki mwa Marekani. Nothrotheriops shastensis ni wa mapango makavu ya kusini-magharibi mwa Marekani, ambako hata kinyesi chake kimehifadhika. Pale Rancho La Brea, mashimo ya lami yaliyojaa mifupa huko Los Angeles, Paramylodon ndiye slothi anayepatikana zaidi, na Megalonyx ni adimu. Kwenye miamba ya pwani ya Peru kuna Thalassocnus, slothi aliyeingia baharini kula majani ya chumvi.

Andika na tabaka la udongo, si jina la mto tu. Mfupa uliosombwa na maji hadi kwenye ukingo umepoteza nusu ya ushahidi wake.

Hatua ya 10: Lebo

Andika ngazi ambayo ushahidi unafika, kisha usimame hapo. Familia iliyothibitishwa ina faida kuliko spishi iliyobahatishwa, kwa sababu atakayekuja baada yako ataijenga kazi yake juu ya lebo yako. Eleza alama uliyoitumia, ili akiona umekosea ajue umekosea wapi.

Taya langu jeusi bado liko kwenye droo, na lebo yake, yenye jina la familia ya kina Mylodon, iko kwa mwandiko wangu, penseli, herufi ndogo: *Mylodontidae, labda Paramylodon. Taya la chini, upande wa kushoto, mbele limevunjika. Vishimo 3 vizima na ukingo wa cha 4, bila pengo. Cha mwisho kina sehemu mbili.* Chini yake mama mkubwa aliongeza kwa wino neno moja, "sawa", na tarehe.